Khabari za Picha za Hospitali, na Wajibu Wetu Waislamu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemuumba mwanadamu na akampa akili ya kutafuta, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Wazee wa chama chetu wameniomba niandike machache katika kitabu hiki cha ukumbusho. Khabari za misikiti yetu na vyuo vyetu hapa Buyenzi, na za wazee waliotutangulia katika mji huu wa Bujumbura tangu ulipokuwa ukiitwa Usumbura, zimeandikwa na wenzangu walio hodari kuliko mimi. Mimi nimechagua khabari ambayo huenda msomaji akastaajabu kuiona imetoka katika kalamu ya mwalimu wa chuo. Nayo ni khabari ya picha zipigwazo hospitali ili kuona yaliyomo ndani ya mwili, yaani radio kama tusemavyo hapa kwa kufuata Kifaransa, au eksirei kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya. Na ekografi, na skaneri, na tiba iliyozaliwa kutokana na picha hizo. Sababu ya kuichagua ni deni lililo juu yangu, nami nitalitaja kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia kijana mmoja wa mtaa wetu akaniambia: "Sheikh, mke wangu ana mimba changa na anaumwa na tumbo upande mmoja. Daktari ameamuru apigwe ekografi, lakini mpigaji ni mwanamume. Unasemaje?" Nami kwa haraka, bila ya kumuuliza maumivu yameanza lini wala yana ukali gani, nikamjibu: "Subirini mpaka apatikane mwanamke." Wakasubiri. Usiku wa siku ya pili ikadhihiri kuwa mimba ile ilikuwa imeshika nje ya mji wa uzazi, na mahali iliposhika palikuwa pamepasuka. Yule mama alipelekwa hospitali akiwa hajitambui, akapasuliwa usiku ule ule. Mwenyezi Mungu alimnusuru, lakini baada ya kupoteza damu nyingi sana. Kijana alipokuja kunipa khabari hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniomba nimwombee dua mkewe. Nikaomba dua ile nikiwa na haya, maana nilijua kuwa neno langu ndilo lililomchelewesha.

Tangu siku ile nikaanza kuwauliza madaktari na kusoma khabari za vyombo hivi, vimetoka wapi na vinafanya nini, kwani mtu atolewaye fatwa juu ya jambo ana haki kwa mtoa fatwa kwamba alijue jambo lenyewe. Niliyoyapata ndiyo haya.

Elimu ya nuru na wanazuoni wetu wa kale

Mwanzo wa khabari hii uko mbali kuliko tunavyodhani. Katika mji wa Basra, karibu na mwaka 965, sawa na mwaka 354 wa Hijra, alizaliwa Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham. Alikwenda Misri katika zama za al-Hakim wa ukoo wa Fatimiya, na wapokezi wa khabari husema kuwa aliahidi kuyatawala maji ya mto Nili, kisha alipoona jambo lile halimkiniki akajifanya mwendawazimu ili aokoe roho yake. Katika miaka ile ya mwanzo wa karne ya 11 ndipo alipoandika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, katika elimu ya kuona.

Kabla yake wengi waliamini kuwa jicho hutoa nuru ikaenda kukigusa kitu. Yeye akabainisha kwa hoja na majaribio kuwa nuru ndiyo itokayo kwenye kitu ikaingia jichoni. Alifanya majaribio katika chumba chenye giza, nuru ikipita katika tundu dogo, akaona kuwa huenda kwa njia iliyonyoka. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa muda mrefu. Kila chumba cha giza kilichosafishiwa picha baada ya hapo kina ujamaa na chumba kile cha Ibn al-Haytham.

Wa pili ni Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Katika kitabu chake al-Tasrif, chenye sehemu 30, sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na humo alichora sura za vyombo kiasi cha 200. Miongoni mwake mna vyombo vyembamba vya kupitishwa katika njia ya mkojo ili kulifikia jiwe la kibofu bila ya kumpasua mgonjwa. Wa tatu ni Ibn al-Nafis, aliyefariki Kairo mwaka 1288. Yeye ndiye aliyeandika kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni ndipo ikafika upande wa kushoto, na kuwa ukuta baina ya pande mbili hizo hauna tundu la kupitisha damu. Msomaji ayaweke majina haya matatu moyoni, kwani nuru, chombo chembamba, na njia ya damu ndivyo vitu vitatu vitakavyokutana mbele.

Mionzi isiyojulikana

Tarehe 8 Novemba 1895, sawa na mwaka 1313 wa Hijra, mwalimu mmoja wa elimu ya maumbile, Wilhelm Conrad Röntgen, alikuwa peke yake katika chumba chake cha majaribio katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Alikuwa akipitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa, naye ameifunika kwa karatasi nzito nyeusi ili nuru isitoke. Hata hivyo ubao uliopakwa dawa maalumu, uliokuwa mbali kidogo, ukang'aa. Akatambua kuwa kuna kitu kinachopenya karatasi. Alijifungia majuma kadhaa akijaribu mbao, vitabu na madini, na kwa kuwa hakukijua kitu kile aliiita mionzi yake kwa herufi X, ambayo wanahesabu huitumia kwa kitu kisichojulikana.

Tarehe 22 Desemba aliupiga picha mkono wa mkewe. Ikaonekana mifupa ya vidole, na pete imening'inia juu ya mfupa. Inasimuliwa kuwa bibi yule alipoiona picha alisema kana kwamba ameyaona mauti yake, na Muislamu haoni ajabu ya neno hilo, maana kaburi ndilo tulilozoea kulijua kuwa hutenga nyama na mfupa. Sababu ya picha ni hii: mionzi hupita kwa wepesi katika nyama na hewa, lakini mfupa, kwa kuwa una chokaa nyingi, huizuia. Penye kizuizi pakatoka peupe, na penye njia pakatoka peusi. Kwa hivyo pafu lenye hewa huonekana jeusi, na lililoingiwa na ugonjwa huonyesha weupe usio mahali pake.

Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa katika elimu ya maumbile. Fedha aliyopewa aliitoa kwa chuo kikuu chake, na hakutaka hati ya kumiliki uvumbuzi wake, ili watu wote wanufaike. Huyu hakuwa wa dini yetu, lakini tabia hii ni katika zile tunazowafundisha watoto vyuoni: elimu yenye manufaa isifichwe wala isiuzwe kwa wenye nguvu tu.

Waliodhurika ili sisi tusalimike

Si haki kuisifu mionzi hii na kunyamaza juu ya madhara yake. Hapo mwanzo watu waliichezea, hata wengine wakijipiga picha mikono kila siku ili kupima chombo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliunguzwa mikono, ikakatwa, na akafa mwaka 1904. Madaktari na watumishi wengi waliokuwa wakipiga picha walipatwa na saratani. Mwaka 1936 katika mji wa Hamburg ilisimamishwa nguzo ya ukumbusho yenye majina 169 ya watu waliokufa kwa sababu ya kazi hii.

Kutokana na mauti yao ndipo zilipopatikana kanuni zinazofuatwa leo: kutumia mionzi michache kadiri iwezekanavyo, kuweka risasi ukutani na katika nguo za mtumishi, na kutompiga mtu picha isiyo na haja. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani kuwa anayo, na aseme kabla ya kupigwa radio au skaneri. Na asiwepo mtu atakayemsumbua daktari apigwe picha kwa fahari tu, kwani dawa nayo ikizidi kipimo hugeuka sumu.

Picha nyingine zilizofuata

Radio ilikuwa hodari kwa mifupa na mapafu, lakini mtoto tumboni na uvimbe laini haukuvionyesha vema. Katika mji wa Glasgow daktari wa uzazi Ian Donald, aliyetumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijua kuwa sauti hutumiwa kutafuta vitu vilivyofichika baharini, na kuwa viwandani hutumiwa kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akakijaribu chombo cha kiwandani juu ya uvimbe uliotolewa wagonjwa, kisha juu ya wagonjwa wenyewe. Mama mmoja aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika alionekana kwa chombo hicho kuwa ana uvimbe wa maji tu, ukatolewa, akapona. Khabari hizi Donald na wenzake walizitangaza mwaka 1958. Ndiyo ekografi hii tunayoijua. Haina mionzi ya Röntgen hata kidogo. Ni sauti isiyosikika na sikio, iingiayo mwilini na kurudi kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani.

Kisha ikaja skaneri. Hapa bara letu lina sehemu yake, nayo haitajwi mara nyingi. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 1956 akafanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur. Humo alifikiri namna ya kuhesabu mionzi ipitayo mwilini kutoka pande nyingi ili ipatikane sura ya kila pahali ndani yake. Aliandika hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na watu wachache mno wakazijali. Godfrey Hounsfield wa Uingereza, mhandisi wa kampuni iliyojulikana zaidi kwa sahani za muziki, aliifikia njia hiyo peke yake akaunda chombo, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wote wawili walishirikishwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Baada ya hapo ikaja picha ya sumaku, ambayo Paul Lauterbur na Peter Mansfield waliifanyia kazi tangu miaka ya 1970, wakapewa tuzo hiyo mwaka 2003. Hiyo nayo haina mionzi, lakini mwenye chuma mwilini lazima aseme kabla ya kuingia, maana sumaku ile ina nguvu kubwa.

Kutoka kuona mpaka kutibu

Yaliyotangulia yote ni ya kuona. Ajabu iliyofuata ni kwamba picha ikawa taa ya kumwongoza tabibu atibu ndani ya mwili pasi na kuupasua.

Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijitia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono wake wa kushoto, akausukuma kiasi cha sentimita 65, kisha akatembea kwa miguu yake mpaka chumba cha radio. Picha ikaonyesha ncha ya mpira imefika upande wa kulia wa moyo, mahali pale ambapo Ibn al-Nafis alieleza kuwa damu hutoka kwenda mapafuni. Alikemewa na wakubwa zake. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alivumbua njia nyepesi: sindano huingizwa mshipani, waya laini hupitishwa ndani yake, sindano hutolewa, na mpira huvishwa juu ya waya mpaka ukaingia. Kwa njia hiyo jeraha la mgonjwa likawa tundu tu. Kisha dawa ionekanayo katika picha hutiwa, na mishipa ikaonekana kama matawi ya mti.

Tarehe 16 Januari 1964 huko Portland, Marekani, Charles Dotter aliletewa bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake umeanza kuoza kwa sababu mshipa wa paja umeziba. Madaktari walitaka kuukata mguu, naye akakataa. Dotter akapitisha waya na mipira, mmoja mnene kuliko mwingine, akaizibua njia ya damu. Mguu ukapata joto, kidonda kikapona, na bibi yule akaishi miaka iliyosalia akitembea kwa miguu yake miwili. Wapasuaji wengi wa nchi yake hawakumsadiki upesi. Huko Zürich, Andreas Grüntzig akaunda kipira chenye kibofu kidogo kinachojazwa kikiwa ndani ya mshipa, akivitengeneza vya kwanza jikoni kwake, na tarehe 16 Septemba 1977 akauzibua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho.

Leo kwa njia hizo huzibuliwa mshipa ulioziba, na huzibwa mshipa unaovuja, hata damu ya mama aliyezaa inayokataa kukoma. Usaha ulio ndani kabisa hutolewa kwa mrija, na kipande cha uvimbe huchukuliwa kwa sindano ili kijulikane ni ugonjwa gani. Al-Zahrawi angeziona kazi hizi angeufahamu muradi wake mara moja. Na jirani zetu wameanza: tangu mwaka 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale wamekuwa wakishirikiana na wenzao wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, katika kuwafundisha madaktari wa Tanzania tiba hii, wao wenyewe waweze kuifanya na kuwafundisha wengine.

Sharia inasemaje

Nikirudi katika swali la yule kijana, jawabu nililopaswa kumpa limo katika vitabu vyetu vya fikihi, nami nilikwisha kuvisoma. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa inajuzu kwa tabibu mwanamume kumtazama mwanamke kwa haja ya tiba, pale asipopatikana mwanamke awezaye kazi hiyo, kwa sharti kuwa awepo mume au maharimu wake au mwanamke mwaminifu, na kisifunuliwe ila kile chenye haja. Na ikifika dharura ya kuhofia nafsi, kuchelewa ndiko kuliko na dhambi. Kusitiri mwili ni wajibu, na kuihifadhi roho ni wajibu mkubwa zaidi. Nililijua hilo kwa kichwa, lakini siku ile sikulitia katika mizani.

Lakini liko jambo lililonichoma zaidi. Nilimwambia yule kijana asubiri mpaka apatikane mwanamke. Je, mwanamke huyo angetoka wapi? Ni nani katika sisi aliyempeleka binti yake akasomee kazi ya kupiga picha hizi? Imam al-Ghazali, katika kitabu cha elimu kilichomo ndani ya Ihya, ameihesabu tiba kuwa faradhi ya kutoshelezana, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika mabishano ya fikihi huku miji mingi haina tabibu ila asiyekuwa Muislamu. Faradhi ya kutoshelezana ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote. Basi sisi tuliomtaka mwanamke mpigaji wa ekografi, na tukawatoa mabinti zetu shule kabla ya kumaliza, tulikuwa tukidai mavuno katika shamba ambalo hatukulilima.

Wasia

Kwa hivyo, ndugu zangu, nausia mambo matatu. La kwanza, mgonjwa akiamrishwa kupigwa picha, asicheleweshwe na maneno ya baraza. Mwenye kutaka mwanamke na aulize hospitali, na akikosekana, mume au maharimu aingie pamoja na mgonjwa, kazi ifanywe. La pili, sisi masheikh na waalimu tukiulizwa jambo la ugonjwa, kwanza tuulize: daktari amesema nini, na hatari ni ipi? Asiyejua na aseme hajui, na ampeleke muulizaji kwa ajuaye. La tatu, chama chetu kitenge sehemu ya mfuko wake kila mwaka kwa kuwasomesha vijana, na mabinti mbele yao, katika kazi hii ya kuona yaliyositirika ndani ya mwili, na kutibu kwa msaada wake.

Mimi nimeanza kwa uwezo wangu mdogo. Yule mama aliyenusurika ana binti aliyezaliwa kabla ya masaibu yale, naye yumo katika darasa la Kurani ninalolisomesha. Nimewaahidi wazazi wake kuwa akifika kusomea uuguzi, au kazi hii ya picha, ada ya mwaka wa kwanza itatoka mfukoni mwangu. Deni langu halilipiki kwa hayo, lakini nataraji Mola wangu atalipokea.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na utufunulie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi taufiki.